Land Rover 109 ya babu: giaboksi oili gani, difu oili gani?

Swali limetoka kwa msomaji wa Muheza, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Nina Land Rover 109 Series III aliyotuachia babu, ndo inabeba iliki, mdalasini na ndizi kutoka Amani kushuka huku chini. Siku hizi nikitoka gia ya 3 kurudi ya 2 inakwaruza, hendibreki haishiki na kwa chini kuna oili, halafu difu ya nyuma inalia nikiwa nashuka na mzigo. Fundi wa hapa anasema niweke 140 kote kelele zitaisha. Duka la spea wamenipa 90 ya GL-5, wanasema ndo kubwa kuliko GL-4. Binamu yangu yupo Kanada, ana gari la zamani la minyororo la kutembelea kwenye theluji, yeye anasisitiza sintetiki ya 75W-90 kwa sababu hiyo ndo imemsaidia. Nimsikilize nani?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe, ili hata usiposoma mpaka chini usije ukaharibu gari ya babu. Giaboksi na transfa (lile boksi la nyuma ya giaboksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) weka 80W-90 ya GL-4. Difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, weka 80W-90 ya GL-5. Ile 140 usiitie kwenye giaboksi hata ukipewa bure, na hiyo sintetiki ya binamu yako mwache nayo hukohuko kwenye theluji, hajakosea yeye kwa gari yake ila wewe huna theluji.

Sasa tukae tuelewane kwa nini, maana ukishaelewa hapa hakuna muuza duka atakayekuyumbisha tena, kuanzia Muheza mpaka Ngamiani pale Tanga mjini.

Kwenye kopo la oili ya gia kuna vitu viwili vya kusoma na watu wengi wanasoma kimoja tu. Kuna uzito, ndo hizo 80W-90, 75W-90, 85W-140. Halafu kuna daraja la GL, ndo GL-4 na GL-5. Uzito unakwambia oili ni nzito kiasi gani ikiwa ya baridi na ikiwa ya moto. GL inakwambia ndani yake wametia dawa kiasi gani ya kuzuia chuma kisisagane na chuma pale gia zinapobanana kwa nguvu. Mtu akikwambia "nipe tisini" hajasema kitu bado, amesema nusu. Na gari za zamani kama hiyo yako, nusu inayoua ni ile ambayo hakuisema.

Ni hivi. Dawa yenyewe ni ya salfa na fosforasi. Gia zikibanana, pale zinapogusana joto linapanda sana kwa kufumba na kufumbua, ile dawa inaungana na chuma na kutengeneza utando mwembamba sana, utando ndo unaolika badala ya chuma, unalika unajijenga tena, unalika unajijenga. Chuma kwa chuma, ni kazi nzuri ajabu. GL-5 ina dawa hiyo takriban mara mbili ya GL-4, na imetengenezwa kwa ajili ya difu za haipoidi, zile ambazo pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu) imekaa chini ya kati ya krauni (gia kubwa ya duara inayozungushwa nayo) kwa hiyo meno hayabingiriki tu, yanateleza pia yakiwa yamekandamizana. Pale bila GL-5 meno yanachunika.

Ila ndani ya giaboksi yako hakuna chuma peke yake. Kuna shaba. Series III ina sinkro, kile kifaa cha kulinganisha mizunguko ili gia ziingie bila kukwaruza, kwenye gia zote nne za mbele (Series IIA walikuwa nayo ya 3 na ya 4 tu), na ringi za sinkro ni za shaba ya njano, halafu kwenye shafti kuu kuna bushi ya shaba ambayo gia ya 2 na ya 3 zinazungukia juu yake, na kule kwenye transfa gia ya kati ina washa za shaba kila upande. Dawa ya salfa inaipenda shaba mno. Ule utando unashika kwenye shaba kwa nguvu kuliko shaba yenyewe inavyojishika, kwa hiyo utando ukilika unaondoka na shaba kidogo, kesho tena kidogo, na gari inatembea vizuri tu wewe huna habari. Baada ya muda ringi imekuwa nyembamba, makali yake yameisha, na hiyo bushi imelegea.

Na kuna la pili ambalo watu hawalisemi sana. Ringi ya sinkro inafanya kazi kwa kusugua. Ukivuta gia kwenda 2, ringi inatakiwa ijibane kwenye koni ya gia na kuisugua ili mizunguko ilingane, ndo meno yaingie kimyakimya. Oili ikiwa inateleza kupita kiasi, ringi inateleza juu ya koni badala ya kushika, mizunguko hailingani, wewe unasikia kraaa. Kwa hiyo GL-5 kwenye giaboksi ya namna hii inaleta shida siku ya kwanza kwa kuteleza na inaleta shida ya miaka kwa kula shaba. Duka waliokwambia GL-5 ni kubwa kuliko GL-4 wamezipanga kama vyeo vya jeshi, wakati hizi ni dawa mbili za magonjwa tofauti.

Ukienda kwenye kitabu cha Rover utakuta wameandika EP 90 tu, hawataji GL yoyote, na hapo ndo vurugu inapoanzia kwa sababu muuza duka anakuonyesha kopo la GL-5 limeandikwa EP, anakwambia si hii hapa. EP inamaanisha ina ile dawa ya kuhimili mgandamizo, basi, GL-4 ni EP na GL-5 ni EP. Oili iliyokuwa inaitwa EP 90 enzi hizo kwenye giaboksi za Land Rover, kwa nguvu ya dawa inaangukia kwenye GL-4 ya leo. Majina ya makopo nayo hayasaidii. Chukua Shell Spirax kwa mfano, kuna S2 G na kuna S2 A, zote zipo za 90, makopo yanafanana kabisa, herufi moja tu ndo tofauti, na S2 G ni GL-4, S2 A ni GL-5. Kwa hiyo geuza kopo, soma nyuma kwa macho yako mwenyewe, usimwachie kijana wa duka akusomee. Kopo likiandikwa "GL-4/GL-5" kwa pamoja mi silitii kwenye giaboksi yenye shaba mpaka nimeipima, maana mara nyingi wanachosema ni kwamba ina nguvu ya GL-5 kwa hiyo mzigo wa GL-4 inauweza, habari ya shaba hawajaigusa kabisa.

Kupima kwenyewe ni hivi na unaweza kufanya jikoni. Tafuta kipande cha waya wa umeme wa nyumba, ule wa shaba mnene usiosukwa, menya plastiki, kata vipande viwili vya urefu wa kidole. Piga msasa laini vyote mpaka ving'ae rangi moja, halafu usivishike tena kwa vidole vitupu, shika kwa kitambaa safi maana jasho nalo linaacha alama. Kimoja weka pembeni. Kingine kitumbukize kwenye chupa ndogo ya kioo kinene au kopo safi, mimina oili mpaka kizame chote, halafu kopo hilo lisimamishe ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, uache humo masaa 3 ukiongeza maji yakipungua. Usifunge mfuniko, na usiweke kopo la oili juu ya moto moja kwa moja hata kidogo, maji ndo yawe katikati. Fanya nje kwenye hewa, harufu ya salfa ikipata moto ni kali. Baada ya hapo toa waya, futa kwa petroli kidogo mbali na moto, uweke pembeni ya mwenzake uangalie juani.

Kama umebaki rangi yake ileile au umekuwa wa chungwa kidogo, oili haina ugomvi na shaba, tia kwenye giaboksi. Ukiwa umeenda zambarau au buluu au kama dhahabu iliyochafuka, hiyo peleka kwenye difu. Ukitoka na kijani kilichochanganyika na wekundu au umekuwa mweusi, giaboksi usiisogelee kabisa na hiyo kitu. Maabara wana kipimo cha hivihivi, kipande cha shaba kwenye oili ya moto kwa masaa 3, wao oili ya gia wanaipandisha mpaka digrii 121 na wana kadi ya rangi ya kulinganishia. Chako cha sufuriani ni kipole zaidi kwa sababu maji hayavuki 100, kwa hiyo waya ukibadilika rangi hata kwa upole huo, ujue kwenye joto la kazi itakuwa zaidi.

Juzijuzi nilifungua giaboksi ya 109 ya mzee mmoja wa Pongwe, malalamiko ni hayahayo yako, gia ya 2. Oili iliyomwagika ilikuwa inanuka salfa waziwazi. Ringi ya gia ya 2 ukiigeuza kwenye mwanga, kwa ndani ambako kunatakiwa kuwe na mistari myembamba yenye makali inayokata oili, mistari imelala yote, unapitisha ukucha unateleza tu, na rangi imekuwa ya kahawia iliyoungua. Ringi ya gia ya 4 ambayo haifanyi kazi nyingi bado ina mistari, ila rangi nayo imegeuka ileile. Hiyo ndo sahihi ya dawa, kwa sababu kulika kwa kazi peke yake kungemaliza ya 2 na kuiacha ya 4 inang'aa.

Kwako wewe kabla hujanunua chochote, tembeza gari kidogo ipate moto, halafu fungua kwanza nati ya kujazia, na nasema kwanza kwa sababu kuna watu wanamwaga oili yote halafu wanakuta nati ya kujazia imeshika kutu haifunguki na gari haina oili wala haiwezi kwenda kwa fundi. Ikishafunguka ndo umwage. Pokea kwenye beseni safi la rangi nyeupe. Pitisha sumaku kwenye oili. Unga wa kijivu unaoganda kwenye sumaku ni chuma, kidogo ni kawaida kwa gari ya umri huo, vipande vya kuonekana kwa jicho si kawaida. Kisha chota oili kidogo kwenye kijiko uitikise juani, ukiona vinameta vya dhahabu na sumaku havivutii, hiyo ni shaba yako, ni ringi na bushi. Vikiwa vingi, GL-4 itazuia uharibifu usiendelee lakini ringi haiwezi kuota tena, itabidi giaboksi ishuke. Vikiwa vichache, badilisha oili, tembea wiki mbili tatu, mara nyingi kukwaruza kunapungua sana kwa sababu ringi inaanza kushika tena badala ya kuteleza.

Sasa 140. Mi namuelewa fundi wako anatoka wapi, sio mtu mbaya. Oili nzito inafunika kelele na inachelewa kuvuja, mteja anaondoka amefurahi. Lakini angalia namba. Kwenye digrii 100, oili ya 90 ina mnato kati ya 13.5 na 18.5, ya 140 inaanzia 24 inakwenda mpaka 32.5, yaani karibu mara mbili. Na hapo ni ikiwa ya moto, asubuhi ikiwa ya baridi tofauti ni kubwa zaidi ya hapo. Ringi ya sinkro inatakiwa iikate hiyo oili iisukume pembeni ndo iguse koni, ikiwa nzito hivyo haiikati kwa wakati, gia zinagoma mpaka gari ipate moto, dereva anazilazimisha, na kila kulazimisha ni meno. Ile bushi ya shaba niliyokutajia inapata oili kupitia nafasi ndogo sana, oili nzito inachelewa kufika. Kwa hiyo unakuwa umenyamazisha kelele na umeongeza ugonjwa uliokuwa unaleta kelele.

Mahali pekee ambapo mi nakubali 140, na iwe 85W-140 ya GL-5, ni difu ya nyuma ya gari inayopanda mlima na mzigo kila siku, ambayo tayari imeshapimwa na haina ubovu. Hapo joto la mzigo linaifanya iwe nyepesi ya kutosha. Hata hivyo sio lazima, 80W-90 nzuri inatosha.

Na usichanganye namba za oili ya gia na za oili ya injini, ni vipimo viwili tofauti kabisa. Watu wanadhani 90 ni nzito mara mbili ya 40 ya injini, sio kweli, 90 ya gia ikiwa ya moto inakaribiana na 40 hadi 50 ya injini. Ndo maana ukikwama porini giaboksi imepungua na huna GL-4, ongeza oili ya injini ya 20W-50 utembee nayo mpaka mjini, shaba haitadhurika, kisha uimwage. Ni bora mara mia kuliko kuongeza GL-5 ya difu kwa sababu tu ndo iliyokuwa karibu. Ile oili ya trekta ambayo najua utapewa kwa bei nzuri na watu wa mashamba ya mkonge, hiyo imetengenezwa ifanye kazi ya gia, ya hidroliki na ya breki za ndani kwa pamoja, iachie trekta.

Tuje kwa binamu. Usimdharau, anajua anachofanya. Hizo 75W, 80W, 85W zinapimwa kwenye baridi: 75W inajaribiwa kwenye digrii 40 chini ya sifuri, 80W kwenye 26 chini ya sifuri, 85W kwenye 12 chini ya sifuri. Kwake asubuhi ya Januari akiwasha gari yenye oili ya 85W, oili imeganda, pinioni inachimba shimo ndani ya oili na oili hairudi kujaza lile shimo, gia zinasagana kavu. Kwa hiyo 75W kwake ni uhai wa difu. Wewe Muheza asubuhi ya baridi kabisa mwezi wa 7 uko kwenye digrii 20 hivi, ukilala Amani kule karibu mita 900 juu inashuka zaidi lakini sifuri huioni hata kwenye ndoto. Unalipia kitu ambacho gari yako haitakitumia, halafu sintetiki hizo nyingi zinazouzwa kama 75W-90 ni GL-5, tunarudi kwenye shaba.

Ila mwambie naye aangalie jambo moja, kwa faida yake. Magari ya minyororo ya zamani mengine yanakata kona kwa difu maalumu, dereva anavuta mtaimbo, mkanda wa breki unabana drami ndani ya difu, mnyororo wa upande mmoja unapunguza mwendo gari inageuka. Weasel M29 iliyotengenezwa na Studebaker wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia inatumia mtindo huo, na matingatinga kadhaa ya zamani pia. Mikanda hiyo inafanya kazi ikiwa imeloa oili ileile inayolainisha gia. Akiweka oili yenye dawa ya kuteleza sana gia zinafurahi lakini mkanda haushiki, gari inakuwa ngumu kugeuka. Kwa hiyo kwake pia swali la kwanza sio "oili ipi nzuri", ni ndani ya hicho chuma kuna nini kinachotakiwa kushika na kuna nini cha shaba. Kama ya kwake inageuka vizuri na 75W-90 hiyo, basi ama haina mikanda hiyo ama oili imeendana nayo.

Difu zako sasa. 109 nyingi za Series III zina difu mbili zisizofanana, na wengi hawajui. Ya mbele ni ya Rover yenyewe, meno yake yamepinda lakini pinioni iko katikati, sio haipoidi. Ya nyuma kwa nyingi ni Salisbury, utaijua kwa kuwa ni nene, imevimba, ina mfuniko wa bati kwa nyuma wenye boliti kuzunguka, na hiyo ndo haipoidi kamili. Hapo GL-5 ni lazima, GL-4 kwenye Salisbury inayopanda Amani na gunia juu ya gunia ni kuionea. Ya mbele ingeweza kuishi na GL-4 lakini haina ringi za sinkro humo ndani, kwa hiyo weka GL-5 hiyohiyo uwe na makopo mawili tu gereji.

Vipimo vinakaa hivi, na vinapendeza maana vinaingia kwenye makopo vizuri. Giaboksi lita 1.5, transfa lita 2.5, zile mpira za magurudumu ya mbele (tufe za chuma ambazo gurudumu linageukia) nusu lita kila upande, jumla lita 5, kopo moja la lita 5 la GL-4 limekwisha. Difu ya mbele lita 1.75, Salisbury lita 2.5, jumla 4.25, kopo la pili la lita 5 la GL-5 na linabaki kidogo la kuongezea. Sukani nayo inakula EP 90, hiyo ni kidogo tu. Nunua kopo lililofungwa sili yake, lenye nembo ya TBS, kwenye duka linalotoa risiti, usinunue ya kupimiwa kutoka pipa kwa sababu ukipimiwa GL huwezi kuisoma. Makopo uyaandike kwa rangi kubwa, GIABOKSI na DIFU, ili kijana wako wa kuongeza oili asikosee ukiwa umesafiri.

Habari ya hendibreki. Kwenye gari hizi hendibreki haipo kwenye magurudumu, ni drami moja nyuma ya transfa. Sili ya shafti inayotoka pale ikichoka, oili ya transfa inaingia moja kwa moja kwenye viatu vya breki, kwa hiyo hiyo oili unayoiona chini na hendibreki isiyoshika ni kitu kimoja. Kabla hujakimbilia sili, pima leveli za giaboksi na transfa siku moja, kwa pamoja, gari ikiwa imesimama sawasawa. Kuna sili kati ya hivyo viwili, ikiharibika oili inahama kutoka giaboksi kwenda transfa, unakuta giaboksi iko chini ya tundu na transfa ukifungua nati inamwagika kama imejazwa kupita kiasi. Transfa ikijaa hivyo inasukuma sili ya nyuma na drami inaloa. Watu wanabadilisha sili ya nyuma mara kwa mara na ugonjwa uko ndani. Viatu vilivyoloa oili usivioshe kwa petroli ukavirudisha, badilisha, barabara yenyewe ni ya mteremko.

Na kwenye eksel juu kuna kipumuaji, kidude kidogo chenye gololi ndani. Tope la Amani linakiziba, difu ikipata moto hewa inakosa pa kutokea, inasukuma oili kupitia sili za magurudumu. Kifungue, kioshe, kitikise ukisikie kinacheza. Kingine, ukivuka maji difu ikiwa ya moto inapoa ghafla na kuvuta maji ndani. Baada ya mvua za masika legeza nati ya chini kidogo, oili ikitoka rangi ya chai ya maziwa imwage yote hata kama uliibadilisha mwezi uliopita, dawa ya GL-5 yenye maji inakula beringi kwa kutu. Kwa kazi yako hiyo mi ningebadilisha oili zote kila mwaka baada ya masika, na leveli nikaziangalia kila wiki mbili.

Limebaki la difu kulia ukishuka, na hili ndo linanipa wasiwasi kuliko la gia. Difu inayolia ukikanyaga mafuta na kunyamaza ukiachia, mara nyingi ni meno yamelika, inaweza kuishi miaka ikilia. Inayolia ukiachia mafuta, yaani mlima unapoisukuma gari na pinioni inavutwa upande wa pili, nashuku beringi za pinioni zimelegea. Hiyo hakuna oili ya kuitibu, sio 90 wala 140. Usipande Amani wiki hii na mzigo. Weka kigogo kwenye magurudumu yote manne, maana hendibreki huna, toa gia, ingia chini, shika flenji pale propela (shafti ndefu inayotoka kwenye transfa) inapoingilia difu ya nyuma, isukume juu na chini na kuivuta mbele na nyuma. Kuzunguka kidogo kushoto na kulia ni kawaida, hiyo ni nafasi ya meno. Ila ikicheza juu na chini, au ikitoka na kuingia hata unywele, usinunue hata hilo kopo la GL-5 kwanza, hela hiyo iende kwenye beringi na sili ya pinioni, na ifungwe na fundi mwenye geji ya kupimia nafasi ya krauni, sio wa kukadiria kwa mkono.